Karatasi Nne za Kifua cha Baba

Watu wakiniuliza nilisomea nini chuo kikuu, nasema nilisomea kuchora, halafu nabadilisha mazungumzo. Wakiendelea kuchimba, nasema nilitengeneza katuni zinazotembea. Hapo wanacheka, wanadhani ulikuwa mchezo. Mimi sicheki. Katuni yangu ya kwanza na ya mwisho ilikuwa ya nusu dakika, na ilimtoa mtu nyumbani kwake.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa ruksa, serikali ilipolegeza biashara. Kabla ya hapo tulikaa miaka hatuna sabuni wala sukari, na daftari la shule unaliandika mpaka kwenye jalada. Ghafla maduka ya Musoma mjini yakaanza kujaa vitu vya nje, ila mfukoni hamna kitu. Chuoni Dar es Salaam nako hivyo hivyo. Idara yetu ya sanaa ilikuwa na kamera moja ya filamu, nzee, unaikaza kwa ufunguo kama saa ya mezani, na mwalimu wetu aliitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Tulipofika mwaka wa pili akatuambia kila mmoja atapata kipande cha filamu cha kutosha nusu dakika. Kazi yetu ni kuleta michoro mingi inayofanana, kila mmoja umesogea kidogo kuliko uliotangulia, ili ikipigwa picha mmoja mmoja na kupitishwa haraka mbele ya taa, mtu aliyechorwa aonekane anajongea. Michoro hiyo ilitakiwa ichorwe juu ya plastiki inayopitisha mwanga, ili ukiweka moja juu ya nyingine uone mchoro wa chini ulikoishia. Plastiki yenyewe haikuwepo. Tulipomuuliza tutaipata wapi, alijibu kwamba nchi nzima haina, tutumie akili.

Nikaja nayo nyumbani hiyo kazi, likizo ndefu, nimenuna njia nzima.

Kwetu ni Murangi, kando ya ziwa. Mama yangu alifariki sijaanza hata shule, na aliyenilea ni mama mkubwa, mjane wa kaka yake baba. Hakujaliwa mtoto. Nyumba yake ilikuwa uwanja mmoja na yetu, upande wa kushuka ziwani. Miaka ya shida yeye ndiye alikuwaga anatengeneza sabuni, kwa mafuta ya ng'ombe na kostiki soda, ndani ya pipa lililokatwa katikati. Anakoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, moshi na mvuke vyote vinamwingia machoni. Watu walitoka mpaka Bunda kuja kununua. Ilipokuja ruksa, sabuni za dukani zenye harufu ya maua zikaiua biashara yake. Akabaki na maboksi ya kostiki uvunguni na macho mekundu yasiyopona. Kwetu mwanamke mzee kuwa na macho mekundu si jambo dogo, watu huanza kumwogopa, lakini wakati ule nilikuwa najiona msomi, mambo hayo nikayaona ya kizamani.

Plastiki niliipata kwenye picha za eksirei. Mtunza stoo wa hospitali moja ya misheni, njia ya kwenda Butiama, alikuwa ananifahamu kanisani. Alinipa bunda zima la picha zilizoharibika, mbavu na magoti ya watu ambao hakuna aliyewakumbuka. Nilijaribu kuzikwangua weusi kwa wembe, nikaishia kuzichana. Nililia kwa hasira. Mama mkubwa akaja akazigusa kwa kidole, akasema huu weusi ni kama mafuta tu, umekaa juu, kostiki itauondoa. Tukachemsha maji, tukatia kostiki kidogo, tukatumbukiza picha moja. Weusi ukaachia wenyewe, ukateleza kama mlenda, na chini yake ikabaki karatasi safi ya plastiki yenye rangi ya buluu kwa mbali. Niliruka kwa furaha. Tukaziosha zote kwa siku mbili, na nikakata kila moja vipande vinne.

Wino nao ukagoma. Ukiweka mstari juu ya plastiki unakimbia, unajikusanya vitone. Ni yeye tena aliyesema nichanganye na sabuni kidogo. Nikachanganya, ukashika. Mwalimu wangu na digrii zake za ng'ambo hakuwahi kunifundisha hilo.

Basi nikamchora yeye. Mwalimu alikuwa ametushauri tuchague mtu anayefanya kitu kimoja kwa kurudiarudia, kwa sababu michoro michache inaweza kuzungushwa tena na tena. Nikamsimamisha mbele ya pipa tupu, mwiko mkononi, nikamwambia akoroge polepole na akisikia nasema simama, asimame hapo hapo. Alikuwa anacheka mpaka anakaa chini. Eti mtu mzima na akili zake, anakoroga hewa. Nilitoa kioo kwenye fremu ya picha ya harusi ya baba, nikakilaza juu ya viti viwili, chini nikaweka kioo cha kujitazamia kirushe jua juu. Nikapigilia misumari miwili kwenye ubao ili kila karatasi ikae mahali pamoja na mwenzake. Nilichora kuanzia asubuhi mpaka jua linageuka. Sijawahi kuwa na raha kama ile, na nasema hivyo huku nikijua mwisho wake.

Katuni ilitakiwa imalizike hivi: mama mkubwa anakoroga, anakoroga, anaacha, anajifuta macho kwa kiganja, halafu anainua uso kututazama. Bila hapo pa mwisho ilikuwa ni mtu anakoroga tu. Nilipofika pale anapoanza kuinua uso, karatasi zikaisha. Nilihitaji nne. Stoo ya misheni hawakuwa nazo tena, na ilibaki wiki moja nirudi chuoni.

Na baba alikuwa na picha yake ya eksirei.

Mwaka uliotangulia alikohoa sana, wakampiga picha ya kifua hospitali ya mjini Musoma. Daktari akaona doa dogo upande wa kulia. Alisema linaweza kuwa kovu la ugonjwa wa zamani, linaweza kuwa kitu kingine, hawezi kujua kwa kutazama mara moja. Aitunze hiyo picha, arudi nayo baada ya mwaka, wapige nyingine, walinganishe. Siku zile mgonjwa alitunza picha yake mwenyewe. Baba aliitunza vizuri mno, ndani ya bahasha kubwa ya kaki nyuma ya kabati la chumbani kwake, na mgeni akishakunywa chai lazima aletewe. Baba anaishika dirishani, anamwonyesha: huu moyo, hizi mbavu, hili ndilo lile doa. Wageni wengine walimpa pole, wengine walimsifia kifua.

Nisidanganye hapa. Nilijua picha ile ni ya nini. Nilijiambia hospitali watakuwa na nakala yao, na nilijua hawana. Nilijiambia baba hakohoi tena, wakati asubuhi ile ile nilimsikia. Mama mkubwa alikuwa shambani. Nikachemsha maji mwenyewe, nikatia kostiki, nikaitumbukiza. Mbavu za baba zikateleza zikaenda na maji. Doa sikuliona likiondoka, niligeuza uso. Kifua chake kilinipa karatasi nne safi kabisa, na jioni jua halijazama mama mkubwa alikuwa ameshainua uso na kunitazama.

Bahasha niliirudisha nyuma ya kabati. Ili isilegee, ndani nikaweka kipande cha boksi. Boksi lililokuwa karibu ni la kostiki.

Nilitegemea nini? Hata leo sijui. Nilifikiri labda ataisahau, au labda nikishakuwa mbali jambo litajimaliza lenyewe. Siku ya tatu baba akaoga, akavaa koti, akachukua bahasha yake akapanda gari la Musoma. Tarehe yake ilikuwa imefika na mimi sikujua. Aliifungua mbele ya daktari. Fikiria baba yangu, mtu wa kujiheshimu, mbele ya daktari na nesi, anatoa kipande cha boksi. Daktari alimwambia bila picha ya zamani hana cha kulinganisha, na mashine yenyewe haina filamu, arudi miezi ijayo huenda zikawa zimefika. Baba akarudi na bahasha kwapani. Hakula. Alikohoa siku nzima iliyofuata, na kikohozi hicho kilinitoboa.

Tukatafuta picha nyumba nzima. Nami nilitafuta. Nilipanda juu ya kiti nikachungulia juu ya kabati, nikapekua magunia, mnafiki mkubwa. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuja kusaidia kutafuta. Akakiokota kile kipande cha boksi, akakigeuza, akasoma maandishi. Akatuonyesha.

"Kuna mkono wa mtu hapa," alisema.

Sisi ni watu wa kanisa. Hakuna aliyelitamka neno lenyewe, si siku ile wala siku nyingine. Walisema mkono wa mtu. Walisema mtu hawezi kuiba picha ya ndani ya kifua cha mwenzake kwa nia njema, na kwamba picha ya namna hiyo ukiwa nayo umemshika mwenyewe. Maboksi ya kostiki yalikuwa ya nani, kila mmoja alijua. Tena baba mdogo alikuwa na yake moyoni. Kiwanja cha mama mkubwa kilishuka mpaka ziwani, na wakati ule ndipo magari ya barafu yalikuwa yameanza kuja kuchukua sangara, na wanunuzi walikuwa wanauliza mahali pa kusimama. Simsingizii. Alishaulizia kiwanja kile mara mbili kabla ya hapo, na mara mbili mama mkubwa alimkatalia.

Kikao kiliitwa Jumapili baada ya ibada. Mzee wa kanisa alifungua kwa sala. Wanaume walikaa kwenye viti, mama mkubwa kwenye mkeka, peke yake, miguu ameinyoosha. Aliulizwa, akajibu kwamba hajawahi kukanyaga chumba cha shemeji yake tangu azaliwe. Akaulizwa kuhusu boksi. Alisema boksi ni la kwake, lakini halina miguu wala hajui lilifikaje. Alijifuta macho kwa kiganja, kama kawaida yake, na nikaona watu wakitazamana.

Hapo nikasimama. Nilisema ni mimi. Nilisema niliichukua, nikaiosha, nikaikata, na ushahidi ninao. Nikakimbia ndani nikaleta sanduku la michoro. Nilikuwa na imani ya ajabu na lile sanduku. Nilifikiri wakiona tu wataelewa, ni kazi ya shule, ni wino na plastiki, watanichapa mimi na yatakwisha.

Baba mdogo alizitoa karatasi akazitandaza kwenye mkeka. Zilikuwa zaidi ya mia. Kila moja ilikuwa ni mama mkubwa. Mama mkubwa kainama, mama mkubwa kanyanyua mwiko, mama mkubwa ameurudisha. Zilipita mkono kwa mkono na nikaona mikono inazishika kwa ncha za vidole. Mzee mmoja alivuta kiti chake nyuma. Nikaanza kueleza habari ya kamera, kwamba zikipitishwa haraka anajongea kama mtu aliye hai, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nyuso zilivyozidi kukaza. Ukweli wangu wote niliokuwa nautoa, mwenyewe nikausikia unavyosikika.

"Nani alikufundisha kuosha hizi picha?" baba mdogo aliuliza, kwa upole kabisa.

"Mama mkubwa."

"Kwa kostiki ya nani?"

"Yake. Lakini hiyo ya baba niliosha mwenyewe, yeye alikuwa shamba."

"Zile zilizotoka kwenye kifua cha kaka ni zipi?"

Nikamwonyesha. Nilizijua zile nne. Aliinyanyua ya mwisho akaielekeza kwenye mwanga wa mlango, na mama mkubwa akatazama kutoka ndani ya karatasi, macho wazi, mwiko mkononi. Kile kilichokuwa kimenifurahisha wiki nzima, kwamba nilikuwa nimeyapata macho yake sawasawa, ndicho kilichowatisha.

"Kwa hiyo kifua cha baba yako kimefutwa," alisema baba mdogo, "na mahali pake amesimama huyu."

Waliniamini. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilikuwa nimejiandaa kutoaminiwa, wakaniamini kila neno. Walichosema ni kwamba mtoto niliye na akili ya kwenda chuo kikuu nisingefanya upumbavu kama huo kwa akili yangu. Nilitumwa bila kujua.

Baba aliiomba ile karatasi. Akauliza kama kweli hiki ndicho kilikuwa kifua chake. Nikasema ndiyo, baba. Aliitazama, halafu akatazama nje kupitia kwenye ile plastiki, akakohoa, akasema mama mkubwa arudi kwao.

Nikawaka. Nilimwambia baba mdogo mbele ya wote kwamba anachotaka ni kiwanja, akiseme. Nilimwita mwizi. Mtoto wa kike, kikaoni, namnyooshea kidole mdogo wake baba. Nililosema lilikuwa kweli tupu na halikusaidia hata chembe, maana mzee wa kanisa alitikisa kichwa kwa huruma akasema hata mdomo huu si wangu. Ningemrukia baba mdogo kama mama mkubwa asingesema kutoka pale mkekani.

"Mwacheni mtoto," alisema. "Ana mitihani."

Nilimsindikiza. Tulipanda gari mpaka Bunda, kisha tukapata jingine la Kisorya, ili avuke kwenda Ukerewe alikozaliwa. Alikuwa na mabegi mawili na kuku mmoja. Njiani nilimwomba radhi mpaka sauti ikakauka, naye alikuwa ananiambia nifunge dirisha, vumbi linaingia. Tulipokuwa tunasubiri kivuko aliniuliza kama zile karatasi sikuziacha nyumbani. Nikamwambia ninazo zote. Alisema afadhali, alisimama sana kwenye jua kwa ajili ya zile. Kisha akapanda kivuko na kuku wake.

Katuni niliitengeneza. Sikuwa na kingine cha kupeleka. Mwalimu aliipiga picha kwa mkono wake, karatasi baada ya karatasi, na siku ya kuionyesha tulitundika shuka ukutani. Darasa zima lilinyamaza pale mama mkubwa anapoinua uso. Mwalimu alisema hapo ndipo kazi ilipo, akanipa alama ya juu, akauliza nilitumia nini badala ya plastiki. Nikamwambia picha za eksirei zilizoharibika. Muhula uliofuata nikaomba kuhamia ualimu wa sanaa, wa kufundisha watoto kuchora vikombe na majani.

Filamu za eksirei zilikuja kufika Musoma. Baba alipigwa picha, baada ya miezi sita akapigwa nyingine, daktari akazilinganisha. Doa halikukua. Kovu tu, la homa fulani ya ujanani. Kikohozi kilikuwa cha vumbi na tumbaku. Baba alichinja mbuzi wawili, mzee wa kanisa akaja kushukuru, na baba mdogo akasimama kutoa neno. Alisema ndugu wote ni mashahidi, tangu kuondolewa kwa kile kilichoondolewa, kifua cha kaka yake kimetulia. Watu wakasema amina. Nilikuwepo. Nilikuwa napakua wali, nikaendelea kupakua. Pale uwanjani chini, mbele ya nyumba ya mama mkubwa, lilikuwa limesimama gari la barafu.

Wiki hiyo hiyo nilienda Ukerewe. Nilitaka asikie kwangu. Nilimkuta anaishi kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba ya mpwa wake, macho yamefifia, jicho la kushoto halioni tena. Alinijua kwa sauti. Nikamweleza kwamba baba mzima, daktari amehakikisha, kifua hakina kitu. Nilifikiri nampelekea zawadi. Nilifikiri atasema, umeona sasa, nilisingiziwa.

Aliuliza kama nimetumwa kumwita. Nikasema hapana, bado. Aliuliza baba alianza kupata nafuu lini, nikahesabu, nikamwambia. Naye akahesabu kwa vidole, taratibu, tangu siku aliyovuka.

"Basi labda walisema kweli," alisema. "Mtu anaweza kuwa nacho asijijue."

Nilimshika mikono. Nilimwambia hapana, mama, ni kovu, lilikuwa kovu tangu mwanzo, hata ile picha niliyoiosha ilikuwa na kovu hilo hilo, wewe hukufanya chochote, ni mimi. Nilieleza upya yote, polepole, na vumbi na tumbaku, na alinisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, vile watu wanavyowasikilizaga wasomi. Halafu akaniambia nisichelewe, kivuko cha jioni kisije kikaniacha.